Wiki ya Kuitwa Tantine

"Mama, weye ulikufaka lini?"

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uwanjani kwetu, mtaa wa Nyakasanza, Bunia. Binti yangu, mwenye miaka sita, alikuwa amesimama mbele ya kinu na kibanio kipya kichwani, cha rangi ya waridi, kinachometameta. Hakuuliza kwa mzaha. Aliuliza kama anavyouliza chumvi iko wapi.

"Nani amekuambia nilikufa?"

"Mutoto ya Madame, ule mudogo. Ameniambia pole sana, mama yako alikufa. Akanipa hiki. Nikamuambia mama iko nyumbani, anatwanga sombe. Akasema hapana, iko mu karatasi."

Mama yangu alikuwa akichambua mchele mlangoni. Alicheka mpaka sinia ikamponyoka. "Ekoo! Mufu anatwanga sombe! Leo tutakula chakula ya kuzimu."

Na mimi nilicheka. Nalisema wazi, kwa sababu baadaye watu waliniuliza kwa nini sikuenda siku ileile kuwasha moto. Nilidhani ni maneno ya watoto. Nikamaliza sombe yangu, nikaipika, tukala.

Madame ninayemsema ni mama wa familia moja ya wamisionari: yeye, mume wake na watoto wao watatu. Wametoka Ulaya, kwao wanaongea Kifaransa, na wako Bunia tangu kabla binti yangu hajazaliwa. Kila mwaka shule zikifungwa kwa likizo kubwa wanafanya kambi ya watoto. Ni wiki moja tu: nyimbo, hadithi za Biblia, michezo, chakula mara tatu kwa siku. Wanawaita mayatima na watoto wa kambi za waliokimbia vita. Wiki moja, lakini matayarisho yake yanakula nusu mwaka, na nusu mwaka huo nimeula mimi pamoja nao, miaka mitatu mfululizo.

Nilikata vitambaa vya bendera ndogo mpaka vidole vikaota sugu. Nilitunga shanga za bangili: nyeusi kwa dhambi, nyekundu kwa damu, nyeupe kwa moyo uliooshwa, kijani kwa kukua, njano kwa mbinguni. Nilimwonyesha bwana wa nyumba mahali pa kuchimba vyoo ili mvua isivijaze, kwa sababu mwaka wa kwanza alichimba bondeni, na siku ya pili ya kambi kila mtu alijua. Niliwafundisha watoto wao watatu nyimbo zetu na namna ya kuzipigia makofi. Sikuwa mpishi wala mfuaji. Nina diploma ya serikali, nimesoma ualimu, na Madame alipenda kuniambia mbele ya wageni: "Huyu si mfanyakazi. Huyu ni dada yangu."

Kiswahili chake kilitoka kitabuni. Aliwaambia hata kuku "tafadhali tokeni." Tulimcheka, lakini kwa kumpenda.

Mimi nilimpenda kuliko wote, na sababu yake ni hii. Nilipokimbia vita Djugu nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mume wangu alikuwa ametangulia kwenda Mahagi-Port kutafuta nyumba, akaipata, na ndani yake akapata na mwanamke. Yuko huko mpaka leo anauza samaki, mnene, mzima kabisa. Basi uchungu uliponishika nilikuwa na mama yangu tu, chini ya hema, Bunia. Mtu alikimbia kuita msaada, na aliyekuja ni Madame na gari lake. Alituendesha mpaka Nyankunde, hospitalini, kwenye ile barabara mbovu, na kila shimo aliomba msamaha, "samahani, samahani," kama ni yeye aliyelichimba. Alinishika mkono mpaka mwisho. Mkunga alipomtoa mtoto mimi nilikuwa sina nguvu, kwa hiyo alimpa yeye kwanza. Mtu wa kwanza kumshika binti yangu duniani alikuwa yeye. Ndipo akamweka kifuani pangu akasema: "Mama, huyu hapa mtoto wako."

Sasa niseme juu ya kadi, kwa sababu bila kadi hakuna kambi.

Kila mtoto anayechaguliwa anajaziwa fishi, karatasi ya maelezo yake: jina, umri, wazazi wako wapi, anapenda nini, ameona nini vitani. Mtoto anasema kwa Kiswahili chetu, kile ambacho Madame akikisikia kwa haraka anabaki kutabasamu tu. Mimi nasikiliza, naandika kwa Kifaransa. Kutoka kwenye fishi Madame anatoa mistari mitano au sita, anabandika na picha, inakuwa kadi. Kadi inapelekwa kwao Ulaya, kwa watu wa makanisa yao, nyumba moja kadi moja. Wanaitundika ukutani jikoni, na kila jioni kabla ya kula wanamwombea mtoto huyo kwa jina. Halafu wachache kati ya waliotundika kadi wanakuja wenyewe Bunia, wiki ya kambi, kumwona mtoto wao wa ukutani kwa macho.

Nilipenda kazi hiyo. Nilipenda kufikiri kwamba watu wa mbali wanajua jina la mtoto wa Djugu. Lakini kuna jambo nililiona nikanyamaza, na siwezi kulificha nikiwa nawafichua wengine. Mwaka wa pili kulikuwa na mtoto mmoja ambaye mama yake ni mlevi. Niliandika hivyo: mama anakunywa sana, mtoto anajipikia. Madame alisoma akanyanyua kalamu. "Tuseme hana mama wa kumtunza. Si uongo, sivyo?" Si uongo, nikasema. Kadi ilipotoka ilisema: hana mama. Mama yule nilikutana naye sokoni wiki ileile, amelewa, amebeba ndizi, yuko hai. Nikamsalimia. Nikajiambia ni neno dogo.

Tuseme hivi: aliyefungua mlango ni mimi.

Siku mbili baada ya ile sombe nilienda kwa Madame asubuhi, kazini. Kadi zilikuwa mezani kwenye baraza, zimepangwa ili gundi ikauke. Nilikuwa natafuta mkasi. Nikaona uso wa binti yangu.

Picha nilikuwa nimeipiga mimi mwenyewe kwa simu ya Madame, siku ya kuzaliwa kwa mtoto wake mdogo. Binti yangu anacheka, meno mawili ya mbele hayapo. Chini ya picha, kwa Kifaransa safi: baba na mama yake waliuawa mbele ya macho yake huko Djugu. Analelewa na tantine yake, ndiyo kusema shangazi. Bado anamwita mama yake usingizini.

Kwamba wamemuua baba yake, kwa hilo sikulia. Lakini mimi nilijisoma mara tatu. Binti yangu hajawahi kuiona Djugu. Alizaliwa Nyankunde, na aliyeandika maneno hayo alikuwepo.

Kwenye boksi chini ya meza kulikuwa na fishi nyingine, zile ambazo hazikuwa kadi. Ya juu kabisa ilikuwa ya msichana jirani yetu, yatima wa kweli, hana baba wala mama, anaishi na bibi yake kipofu. Niliiandika mimi. Picha yake ilikuwa imebanwa kwa klipu: hacheki, na jicho moja limevutwa na kovu. Pembeni, kwa mwandiko wa Madame: picha ngumu.

Madame alitoka ndani na birika. Akaona nilichoshika. Birika akaiweka chini kwenye sakafu, si mezani.

"Dada yangu mpendwa. Tafadhali keti."

"Sikai. Mimi nimekufa. Maiti inakaa?"

"Nilitaka kukueleza. Nilikuwa naomba nipate wakati mzuri."

"Ulinizika lini? Nijue tu tarehe, mutoto wangu ananiuliza."

Alianza kulia. Akilia uso wake wote unakuwa mwekundu mpaka masikioni, na zamani nilikuwa nikimwona hivyo namletea maji. Siku hiyo sikuleta kitu. Akasema kwamba mwaka huu makanisa ya kwao yamechoka, wanataka mayatima kamili, hawataki tena watoto wenye mzazi mmoja, wanasema wazazi wafanye kazi yao. Akasema alitaka sana binti yangu aingie kambini. Akasema: "Nilifanya kwa upendo. Huyu ni kama mtoto wangu."

"Ndiyo. Naona. Umeanza na kuondoa mama yake."

Bwana wake alikuja kwa kusikia sauti. Ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakupandisha. Aliniambia wageni wanaingia wiki ijayo, na mmoja wao ni mama mzee aliyetundika kadi ya binti yangu. Kadi hizi za mezani ni nakala tu, za kwenda zimekwenda zamani. Wageni wakijua kadi moja si ya kweli, watashuku kadi zote. Kambi itakufa. Watoto wote wataikosa, na wa kweli pia.

"Sasa munataka nini kwangu?"

Walitazamana. Aliyesema ni Madame, na alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, taratibu, kama anafundisha darasa: "Tunaomba, kwa siku saba tu, mtoto akuite tantine."

Ningependa kuandika kwamba niliipindua meza. Nilishika mkasi niliokuwa nautafuta, nikakaa, nikakata vitambaa mpaka mchana. Nilikuwa nafikiri juu ya watoto ambao nilikuwa nimewaandika kwa mkono wangu, walivyokuwa wakiniuliza kila siku kambi bado ngapi. Nilikuwa nafikiri juu ya binti yangu. Nilikuwa nafikiri pia juu ya kazi yangu, sitasema sikuifikiri.

Nyumbani mama yangu alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka tena. "Kubali," akasema. "Jina ni mupepo. Siku saba zinapita, unarudi mama."

"Na weye ungekubali nikuite tantine?"

"Miye? Ningekuchapa." Akafikiri. "Lakini miye sikusoma. Weye umesoma, unajua kuvumilia wazungu."

Nilikubali. Nilimkalisha binti yangu kwenye mkeka nikamwambia ni mchezo wa kambi. Kule utaniita tantine. Ukiniita mama umeshindwa. Siku saba, halafu mchezo unaisha. Aliupenda sana. Alizunguka uwanja akiimba, "Tantine, nipe maji! Tantine, nataka ndizi! Tantine, uko mubaya!" na mama yangu akajifanya kuingia ndani kutafuta kitu.

Siku mbili za kwanza za kambi mchezo ulikwenda vizuri kuliko nilivyopenda. Binti yangu hakukosea hata mara moja. Watoto wengine wanaotujua walimtania, "Eh, tantine yako anafanana na mama yako!" naye akawajibu, "Nyamazeni, munaniharibia." Nilitafsiri nyimbo, nilitafsiri hadithi, nilifunga bangili mikononi. Nyeupe kwa moyo uliooshwa. Niliitafsiri hiyo pia.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Madame aliniita kwenye hema kubwa. Mama mzee wa kadi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, nywele nyeupe, mikono inatetemeka kidogo, na binti yangu amesimama kati ya magoti yake. Wageni wengine walikuwa nyuma, bwana wa nyumba ameshika simu anapiga picha. Yule mama alikuwa mwema. Lazima niseme hivyo. Alikuwa amefuma sweta kwa mikono yake, rangi ya machungwa, na ilimkaa mtoto sawasawa, maana miezi yote hiyo alikuwa akimpima kwa kutazama picha.

Akaniambia kwa Kifaransa: "Muulize kama anamkumbuka mama yake."

Nikamtazama Madame. Madame akatazama mikono yake.

"Anauliza kama unamukumbuka mama yako," nikasema.

Binti yangu alinitazama, macho yanacheka, kama kusema usiogope, sitashindwa. Akajibu vizuri, kwa sauti ya kambi: "Namukumbuka. Alikuwa mukali. Alikuwa ananisuka nywele, ananivuta. Alikuwa anatwanga sombe." Nikatafsiri kila neno. Mama mzee akaanza kulia polepole, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Na sasa yuko wapi?"

Nikatafsiri na hilo. Sijui kwa nini. Mdomo ulikuwa umezoea kazi.

"Alikufaka," binti yangu akasema.

Na neno lile likamrudia. Nililiona likirudi. Alikuwa amelicheza siku nyingi, lakini hakuwa amelisema kwa mtu anayelia, aliyemshika uso. Kicheko kikatoka machoni, na akalia, kilio cha kweli, kile cha kutoka tumboni, akiegemea kifua cha mgeni, akisema, "Mama yangu alikufaka, mama yangu alikufaka," nami nimesimama hapo, mkono mmoja mbali naye.

Nilimvuta. Nikamwambia, "Niko hapa. Tazama. Miye hapa." Nikasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya hema zima: "Mama yake ni mimi. Sikufa. Baba yake pia hakufa, anauza samaki Mahagi-Port. Huyu mwanamke anajua, alikuwepo nilipozaa."

Wageni wote walinigeukia. Hata walioshika vikombe hawakunywa.

Nilimtazama Madame. Mpaka dakika hiyo, nawaambia ukweli, nilikuwa bado nangoja. Nilifikiri atasimama. Mtu aliyeomba msamaha kwa kila shimo la Nyankunde, nilifikiri atasema samahani mara moja tena, na ningemsamehe palepale, mjinga mimi.

Alisimama kweli. Akaja, akaniwekea mkono begani, taratibu, akawageukia wageni. Akasema kwa Kifaransa, kwa huzuni nzuri sana: "Mtusamehe. Dada yetu huyu ameteseka mno vitani. Wengi hapa wako hivyo. Anampenda mtoto huyu kiasi kwamba wakati mwingine anaamini amemzaa."

Na mama mzee akanitazama kwa huruma. Aliamini. Kwa nini asiamini? Akamwinamia binti yangu, akamwonyesha mimi kwa kidole, akauliza kwa Kiswahili kidogo alichofundishwa kwa safari: "Huyu, nani?"

Binti yangu alikuwa amekwisha kuogopa. Watu wote wazima walikuwa wanamtazama. Akapangusa pua kwa mkono wa sweta mpya, akasema ile aliyofundishwa na mama yake mwenyewe:

"Tantine."

Nilimbeba. Alikuwa mzito, miguu inanigonga mapajani. Hakuna aliyenizuia, sentineli, mlinzi wa pale, alifungua lango akanikwepa macho, na yeye ananijua tangu nilipoanza kazi pale, alishakula kwangu. Nilitembea mpaka barabara kubwa ndipo nikamweka chini. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamwambia: "Umekwisha mchezo. Niite mama."

Alitikisa kichwa. Alihesabu kwa vidole, kwa uangalifu, kwa sababu ni mtoto wa kushika ahadi. "Bado siku ine."

Sikumchapa. Watu wa moto, wale wa pikipiki za abiria, walikuwa wamesimama wanatutazama, mmoja akauliza, "Mama, iko nini?" na nikataka kumkumbatia mtu yule nisiyemjua kwa neno moja alilonipa.

Siku nne alishika mchezo wake. Kutoka kwetu nyimbo za kambi zilisikika, na alikaa karibu na ua akizipigia makofi peke yake. Alinichukia. "Ni weye uliharibu," aliniambia. "Wote wako kule." Bibi yake alimkemea, mimi nikasema amwache. Alikuwa na haki. Siku ya nane asubuhi aliniita mama, akataka uji, kama mtu anayebadilisha nguo. Mimi sikubadilika upesi hivyo. Kila akiniita nilisikiliza kwanza, kama neno limefika zima.

Msichana wa jirani, yule wa kovu, hakuitwa kambini hata baada ya nafasi ya binti yangu kubaki wazi. Nilimwona siku zile akipita na kidumu cha maji, nikashindwa kumwambia kitu. Fishi yake niliiandika mimi, nikamwahidi mimi.

Mwezi uliopita barua ilifika. Sentineli aliileta, ametumwa kuileta, hakukaa. Ilikuwa ya mama mzee, imetumwa kupitia kwa Madame, maana hapa kwetu barua ya Ulaya haina njia nyingine. Bahasha ilikuwa imefunguliwa. Anwani ya mtumaji, ya kule, ilikuwa imekatwa kwa mkasi, safi kabisa. "Kwa tantine mpendwa," alianza. Alinishukuru kwa kumlea mtoto asiye wangu. Alisema anajua maumivu yangu na ameniongeza kwenye maombi yake, mimi na akili yangu. Ndani kulikuwa na picha ya jiko lake: meza, sahani moja, na ukutani kadi ya binti yangu, amecheka bila meno.

Binti yangu aliitazama sana picha ile. Meno yameota sasa, alijishangaa.

"Bado anaomba juu ya ile maneno?"

"Kila jioni."

"Umuandikie, mama. Unajua Kifaransa."

Nimemwandikia. Kurasa mbili, bila matusi, mwandiko wangu mzuri wa shule. Nimesema nilizaa wapi, nani alinishika mkono, nani alimpokea mtoto. Nimemwambia sweta inamtosha bado. Barua iko ndani ya bahasha juu ya kabati, na kila anayesema anasafiri kwenda Ulaya namuuliza anakwenda mji gani, na mji wa yule mama mimi siujui.